Jinsi ya Kutofautisha Legetetwet na Kelyot Bila Kumuuliza Mtu

Jumapili saa nane mchana, ukiwa umemaliza kula na umenyoosha miguu, mtoto wako wa Gredi ya Nne atasimama mlangoni na daftari. Atasema mwalimu anataka vichaka viwili vya porini, vyenye maua, vya ukoo mmoja, vinavyofanana, na tofauti zake ziandikwe. Ni ya kesho. Mshukuru kwa kuwahi. Wenzake husema saa tatu usiku, wakiwa wameshavaa nguo za kulala, na huwa wanataka pia gundi na kadibodi.

Usimwulize kwa nini hakusema Ijumaa. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kuuondoa mfumo wa 8-4-4 madarasani mwaka 2019, wazazi wa Kenya wamerudi shule kimyakimya, na kanuni ya kwanza ya masomo yao ni kwamba kazi ya mtoto hufanywa na mzazi na hakuna anayelitaja hilo mbele ya mwalimu. Mwalimu anajua. Mtoto anajua zaidi. Wewe vaa gambuti uende.

Kwa bahati nzuri unaishi Kapseret. Ukiiacha barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet na kushika ya murram, utapita ploti zenye ukuta wa mawe, kisha ploti zenye seng'enge, kisha, ukielekea upande wa msitu, mashamba ambayo fensi yake bado ni vichaka vilivyojiotea kabla ya mwenye shamba kuzaliwa. Humo ndimo mna kichaka chenye maua meupe yanayonukia hadi barabarani. Huo ni legetetwet, Carissa spinarum kwa wenye vitabu, ambao matunda yake watoto huyachuma wakitoka shule hadi midomo ikawa ya zambarau. Au ni kelyot, Acokanthera schimperi, ambao sumu yake ilikuwa ikipakwa kwenye mishale. Wote wawili ni wa ukoo wa Apocynaceae. Mwalimu alitaka jozi yenye tofauti, na kati ya tunda la njiani na kitu kinachosimamisha moyo, nadhani ameridhika.

Kabla hujatoka, mwenzako aliyezaliwa kilomita tatu kutoka hapo atakumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. Usimlaumu. Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka tisa, na mambo ya vichaka yalifundishwa nyumbani mwaka uliofuata.

Kwanza, jifunze majina, kisha usiyatumie. Legetetwet na kelyot ni Kinandi. Mkikuyu ataita ule wa kwanza mukawa na wa pili mururu. Mjaluo atakuambia ochuoga huku akikumbuka likizo za shule kwao. Mmaasai ana olamuriaki na olmorijoi, Mkamba ana kivai kwa ule wa sumu. Umeona shida ilipo: huwezi kutaja kichaka bila kutaja kwenu, na viunga vya Eldoret ni mahali ambapo watu wamejifunza kwa gharama kubwa kutotangaza kwao bila sababu. Ndiyo maana ukisimama kwenye stegi ya boda boda na kuuliza, vijana watano wenye lugha tano za mama watakujibu kwa sauti moja kwamba huo ni mti wa fensi. Hilo ndilo jina la usalama. Lizoee.

Utasema Kiswahili kitupatanishe. Kinajaribu. Kwa ule wa sumu kina msunguti, na hapo hakuna tatizo. Kwa ule wa matunda kina mtandamboo. Lisome jina hilo tena polepole, ukiwa peke yako. Watu wa pwani walioupa mti jina hilo walikuwa na sababu zao; wewe unalo daftari la mtoto wa miaka kumi. Usilitamke mbele ya mama mkwe, hata kwa sauti ya kisayansi.

Pili, tazama maua. Umetazama? Basi hatua hiyo imekwisha, na haikukusaidia. Yote mawili ni meupe kwa ndani, yana wekundu wa waridi kwa nje kwenye shingo, yana petali tano, yanakaa vishada vishada na yananukia kama asumini. Majani ya vichaka vyote viwili hutoka mawili mawili yakitazamana, magumu kidogo, yanang'aa juu. Matunda ya vyote viwili huanza kijani, yakaingia wekundu, yakaishia zambarau iliyokaribia weusi. Mtu anayejiamini atakuambia uvunje kijiti utazame utomvu. Vunja cha legetetwet: tone jeupe litatoka taratibu, litasimama mahali lilipotoka, na ukiligusa litanata kati ya kidole na kidole. Cha kelyot usivunje. Nimeshakuambia, ni vivyo hivyo.

Nawa mikono, halafu nawa tena. Sumu ya mishale inataka jambo moja tu kutoka kwako, nalo ni njia ya kuingilia damuni, na mtu aliyetoka kupekua fensi ya Kapseret kwa saa nzima huwa ameshajichora njia kumi na mbili kwenye mikono. Kichaka kimoja kinafungua mlango, cha pili kinaingia.

Tatu, kichwa cha makala haya kilikuahidi kwamba hutamuuliza mtu. Sasa utamuuliza mtu. Kila mmoja huuliza. Utamkuta mzee amesimama kando ya fensi yake, koti zito, kofia, mkono umeegemea kichaka kilekile unachokitafuta. Usianze na kichaka. Anza na salamu ya Chamgei. Uliza habari ya mvua, habari ya mahindi, habari ya bei ya mbolea. Ukiuliza habari ya mti kabla ya hizo tatu, utaonekana mtu anayetafuta shamba la kununua.

"Mzee, samahani, huu ni legetetwet?"

"Ndiyo."

Ungeishia hapo, ungekuwa nyumbani saa hizi. Lakini wewe umesoma.

"Si kelyot kweli?"

"Ndiyo."

Usikasirike. Umeuliza vibaya. Mgeni aliyesimama kwenye fensi ya mtu, tena Jumapili, tena kwa upole namna hiyo, haambiwi hapana. Ukitaka jibu, ulitakiwa useme kwa uhakika jambo la uongo, kwa mfano kwamba hakuna legetetwet hata mmoja upande huu wote, ili usahihishwe. Umechelewa. Sasa ni zamu yake kuuliza.

"Wewe ni wa ploti gani?"

"Ile ya mabati ya bluu, mzee."

"Ulinunua kwa kijana wa nani?"

Mwambie. Atanyamaza. Ndege ya mizigo itapita juu ikitafuta uwanja, na nyote wawili mtasubiri ipite, kwa sababu hapa hakuna anayeshindana na ndege. Sentensi hukatwa katikati na kuunganishwa baadaye bila mtu kuona ajabu. Ikishatua atasema, "Hapa pote palikuwa miwati." Utaelewa kwamba ploti yako imehukumiwa, na kichaka chako pia. Kisha utakaribishwa chai.

Chai haikataliwi. Utakunywa vikombe viwili, utaulizwa una watoto wangapi, utaonyeshwa ndama. Wakati wa kuagana, mzee atageuka, na mkono wa koti lake utakuwa umenaswa kichakani. Ataunasua kwa vidole viwili bila kutazama, kama mtu anayefungua komeo la mlango wake gizani. Hutaliona hilo. Utakuwa unatazama maua. Na saa kumi itakuwa imepita.

Nne, simu. Ipo programu ya kutambua mimea. Zipo nyingi, na zote zinataka picha iliyotulia, jani moja, mwanga wa kutosha na mtandao ambao kando ya msitu huja na kuondoka kama mbuzi wa jirani. Picha ya kwanza itasema asumini. Ya pili, kahawa. Ya tatu itakuomba ulipie mwaka mzima. Utakata tamaa utume picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenye ploti. Majibu yatakuja haraka: Amina moja, iliyokusudiwa ujumbe wa asubuhi, tangazo la samadi ya kuku, swali la nani amefungulia maji. Halafu mtu mmoja asiyeandika kitu mwaka mzima ataandika kwamba mizizi ya mti huo inatibu presha.

Hatasema ni mti upi kati ya hiyo miwili. Ni kweli kwamba mizizi ya legetetwet imo katika dawa za nyumbani karibu kila pembe ya Afrika Mashariki, na Wamaasai huitia kwenye supu. Ni kweli pia kwamba wewe hujui kama umepiga picha legetetwet. Mtu wa pili atajibu ujumbe ule kwa alama ya moyo. Alama hiyo inafaa zaidi kuliko anavyodhani.

Tano, vitabu. Kipo kimoja kinene kizuri cha Beentje, cha mwaka 1994, juu ya miti, vichaka na mitambaazi ya Kenya, lakini hakipo nyumbani kwako na leo ni Jumapili. Basi nikufariji kwa historia. Mwaka 1763 kijana mmoja aliyesomeshwa na Linnaeus, Peter Forsskål, alikufa kwa malaria huko Yemen akiwa kwenye msafara wa mfalme wa Denmark. Karibu wenzake wote walikufa njiani, na Carsten Niebuhr, aliyerudi peke yake, alikichapisha kitabu cha marehemu mwaka 1775. Ndani yake kichaka chetu cha matunda kimepewa jina edulis, yaani cha kulika. Jina zuri, lenye msaada. Baadaye wataalamu wakaamua kwamba kichaka hicho ni kilekile ambacho Linnaeus alikwisha kukiita spinarum, cha miiba, mwaka 1771. Kwa sheria zao jina la mapema hushinda. Kwa miaka minne tu, neno linalokuambia unaweza kula likafutwa, likabaki linalokuambia utachomwa.

Na ule wa sumu? Mwaka 1844 Alphonse de Candolle aliupa jina Carissa schimperi. Carissa. Aliuweka jenasi moja na ule wa matunda, chungu kimoja, mtu ambaye kazi yake maishani ilikuwa ni kutenganisha mimea. Ulihamishwa baadaye. Kwa hiyo ukikosea leo, umekosea pamoja na watu wakubwa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na vielelezo vikavu vilivyobanwa kwenye karatasi, na hawakuwa na mtoto anayewasubiri.

Sita, ni haki ujue unacheza na nini. Sumu kubwa ya kelyot inaitwa uabaini, jina lililotoka kwa Wasomali, wanaouita mti na sumu yake waabaayo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888. Inavyofanya kazi ilikuja kueleweka kupitia utafiti wa Mdenmaki Jens Skou, ambaye mwaka 1957, akichunguza neva za kaa, alionyesha kwamba utando wa seli una pampu ndogo ya kutoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Uabaini huikaba pampu hiyo. Musuli wa moyo, ambao maisha yake yote yanategemea mpigo huo wa kutoa na kuingiza, hupoteza hesabu, kisha husimama. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Wawindaji Wawaata wa Tsavo, waliokuwa wakiangusha ndovu kwa upinde na sumu hiyohiyo, walipewa kesi za ujangili.

Huku kwetu Waokiek waliijua misituni, na Wanandi walipowagomea Waingereza kuanzia 1895 hadi 1905, mishale ilikuwa sehemu ya mazungumzo.

Lakini anayenishangaza mimi ni panya. Yuko panya mkubwa mwenye manyoya marefu, panya wa kishungi, Lophiomys imhausi, anayeishi kwenye nyanda za juu za Kenya na nchi za jirani. Huyu hutafuta mti huu usiku, hutafuna gome lake, kisha hujipaka mate yaliyochanganyika na sumu kwenye mstari wa nywele maalumu ubavuni. Nywele hizo zina matundu kama sifongo, zinanyonya kama utambi wa taa. Mbwa akimjia hakimbii. Hupanua manyoya, huonyesha mistari yake myeusi na myeupe, na husubiri kuumwa. Mbwa waliomuuma wametokwa na povu, wengine wakafa. Yeye mwenyewe hadhuriki. Mwaka 2011 mambo hayo yalichapishwa na Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, pamoja na Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa na wenzao, na mwaka 2020 watafiti walionasa panya 25 huko Laikipia waliona jambo lenyewe tena.

Tafakari hilo ukiwa umechuchumaa kwenye nyasi. Panya huyo hana simu, hana kikundi cha WhatsApp, hakupita shule ya bweni. Anatoka gizani, anapita vichaka vyote vya jirani, anaenda moja kwa moja kwenye ule mmoja. Ukikutana naye usimshike kichwani kumpongeza.

Saba. Sasa nikuambie kitu ambacho ningekuambia mwanzo, ila mwongozo usingekuwa mwongozo. Ni mwiba.

Legetetwet una miiba: mmoja mmoja, imenyooka, haijagawanyika nchani, migumu kama sindano ya kushonea magunia, mingine mirefu kama kidole cha mwisho. Kelyot hauna mwiba hata mmoja. Ni hivyo tu. Kila mtu hapa anajua, na kwa sababu kila mtu anajua hakuna anayesema, kama vile hakuna anayekuambia chai ni ya moto. Yapo na mengine ukitaka kujaza ukurasa: tunda la legetetwet hutoshana na njegere, la kelyot huweza kufikia sentimita mbili na kufanana na zeituni, maua ya legetetwet hukaa nchani mwa vijiti, ya kelyot hujibana kwenye kwapa za majani, jani la kelyot ni nene zaidi na lina ncha kali, na mti wenyewe ukiachwa hukua hadi ukapita nyumba, gome likapasuka pasuka.

Utafurahi. Utasimama. Utaenda kwenye fensi kwa hatua za mtu mwenye elimu. Na hapo ndipo utakapokutana na mambo matatu. La kwanza ni kayaba, ambayo nayo ni fensi, nayo ina miiba ya kutisha, na haihusiki kabisa. Vunja kijiti, ukikosa utomvu mweupe achana nayo. La pili ni jirani anayependa kupunguza fensi kwa panga hadi vijiti vilivyobaki havina kitu cha kuvitambua nacho. La tatu ndilo litakalokushinda: legetetwet hutambaa. Ukipata mti wa kuegemea huupanda, hupenyeza matawi yake katikati ya matawi ya mwenzake, hadi unaona mwiba mahali pamoja na tunda mahali palepale, na mwiba ni wa huyu na tunda ni la yule. Fuata tawi hadi shinani kwa kidole, ukipita chini ya miiba yote, kabla ya kusema umejua. Hakuna anayefuata tawi hadi shinani. Ndiyo maana tunda la fensi usilolijua haliliwi, hata kama fensi ina miiba.

Nane, kuna mtu mmoja aliyebaki anayeweza kukusaidia, naye ana urefu wa fimbo yake. Anachunga mbuzi wanne na ng'ombe mmoja kando ya barabara, na anatafuna kitu. Mtu mzima hamuulizi mtoto. Hiyo ni kanuni, na haivunjwi. Kwa hiyo mpe mtihani.

"Wewe kijana, unajua huu ni mti gani?"

Sema kwa sauti ya mkaguzi wa shule. Atakutazama viatu, atatazama vijiti mkononi mwako, na ataamua kukuhurumia.

"Huu unakushika nguo," atasema. "Ule haushiki."

"Ule upi?"

Ataelekeza kwa mdomo upande wa mawe, mahali ambapo mbuzi wake hawaendi kwa sababu kila wakisogea hurushiwa jiwe dogo. Hutaona mti wowote hasa. Utaona kijani.

"Na ule ukiliwa?"

"Nani amekula?"

Hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Ukiwa na mandazi, mpe. Ukiwa na haya, nenda upesi, kwa sababu dada yake yuko darasa moja na mtoto wako na kazi ile aliimaliza Ijumaa jioni akiwa njiani, kwa dakika nne, bila kadibodi. Alichukua legetetwet na kingine kisicho na madhara. Kelyot haupelekwi shuleni kwenye chumba chenye watoto hamsini wenye tabia ya kuonja, na hilo hakuambiwa na mtu.

Kufikia hapo jua limekaa juu ya miti, baridi ya Kapseret imeanza kupanda kutoka kwenye nyasi, na una kijiti kimoja tu. Utaenda upande wa mawe. Utasimama mbele ya ule mti usioshika nguo, au ulio karibu nao, au wa tatu kutoka huo. Utakumbuka moyo, sodiamu, panya. Utarudi nyuma hatua mbili. Kisha utageuka, utatembea hadi kwenye fensi ya mzee, na kwa haraka ya mwizi utakata kijiti cha pili kutoka kwenye kichaka chenye majani mapana zaidi kidogo. Mkono wa sweta utanaswa. Utauvuta kwa nguvu hadi uzi utoke.

Nyumbani, chini ya taa, viweke vijiti mezani. Vyote viwili vitakuwa na miiba. Usiseme kitu. Andika A na B. Chini ya A andika: majani madogo. Chini ya B: majani makubwa kiasi. Bandika. Mtoto ataangalia kazi, ataangalia sweta lako, na atasema asante kwa heshima ambayo hukumfundisha wewe.

Jumanne jioni daftari litarudi. Kutakuwa na alama ya vema yenye mkia mfupi, na chini yake, kwa wino mwekundu: Kukaribia matarajio. Mtoto ataliweka mezani taratibu, aende kuoga. Kazi ya wiki hii ni ndege wawili wa ukoo mmoja. Ilitolewa asubuhi, utaisikia Jumapili.